Pindo la Kukulia

12 Februari

Baba Kifungo,

Habari za huko na baridi yake? Sisi tupo. Mama yako magoti yanamsumbua asubuhi, ikifika saa nne anatusumbua sisi. Mtoto ametimiza miezi kumi juzi, ameota meno mawili ya chini, na ameshayajaribu kwenye kidole changu.

Ulisema kwa kuwa huko kambini kwenye ujenzi simu hazishiki, nikupimie mtoto kwa uzi nikutumie. Haya, huu hapa. Ni uzi wa vishikizo, ule mnene usiovutika. Nilimlaza juu ya meza ya kukatia pale kiwandani wakati wa chakula, mwenzangu wa cherehani ya ovaloki akamshika miguu, nikanyoosha toka utosini mpaka kisiginoni, nikakata. Mtoto alinitazama kama nimemkatia suruali asiyoiagiza.

Kazi ni ile ile, sare za shule asubuhi hadi jioni. Wiki hii nimeshona mapindo mpaka vidole vimekufa ganzi. Wazazi wanataka pindo refu chini ya gauni, vidole vinne, mtoto akirefuka wafumue, mwaka upite. Msimamizi anasema tunapoteza kitambaa. Mimi nasema hiyo ndiyo sehemu pekee ya sare yenye matumaini.

Tumbo langu ni lile lile tangu mimba, linakwenda na kurudi. Usijali.

Mkeo,
Mama Kifungo


9 Machi

Mama wa mtoto wangu,

Kwanza nalikataa hilo jina. Kifungo ni kitu cha kupotea chini ya kitanda. Uzi wako nimeutundika kwenye msumari juu ya meza yangu ya kazi, na fundi wa milango akaja na futi yake akaupima bila kuombwa. Akasema, "Miezi kumi huyu? Kisiki, una hakika ni wako?" Maana huku wananiita Kisiki, kwa kimo changu. Nikamwambia kisiki ndicho kinachochipua. Kambi nzima ikacheka, na kwa mara ya kwanza walicheka nami, hawakunicheka.

Toka leo mwanangu ni Boriti.

Nitakwambia kitu. Kuna siku naunga fremu za milango, moja baada ya nyingine, ya nyumba za watu nisiowajua, na najiuliza mlango wangu mimi anaingia nani, anatoka nani. Halafu natazama uzi. Kila dereva wa lori la mbao akipita huko, mpe barua na uzi mwingine.

Na tumbo, kunywa maji ya uvuguvugu. Mama asikuonee.

Baba Boriti


3 Mei

Baba Kifungo (sitaliacha, mimi ndiye niliyemzaa),

Nina jambo, nitaliandika taratibu nisikuudhi.

Nilimpeleka mtoto kliniki kwa ajili ya kuharisha, mara ya nne tangu mwaka uanze. Muuguzi ni mama mtu mzima, miwani yake imefungwa kwa uzi, hacheki ovyo. Alimtazama mtoto, kisha akamwacha mtoto akanitazama mimi.

"Na wewe mama, choo chako kikoje?"

"Kawaida tu."

"Kawaida ya nani?"

Nikamwambia kinalegea siku tatu, kinashika mbili, na ni hivyo tangu nina mimba, nimeshazoea.

"Wewe umelizoea tumbo," akasema. "Lenyewe halijakuzoea."

Akanieleza kwamba ndani ya utumbo kuna vinyweleo vya kupokea chakula. Mtu akinywa uchafu kidogo kidogo kila siku, hata usiomlaza kitandani, vinasagika. Nikamwambia, kama mahameli iliyosuguliwa mpaka imebaki kitambaa kitupu. Akasema ndivyo. Hapo hata ule nini, kinapita njia. Mtoto alipokuwa tumboni alikula kupitia ukuta wangu huo huo uliochakaa, na sasa wake umeanza. Akasema kimojawapo cha vitu tunavyovimwaga mapema tukiharisha ni zinki, madini hayo, kiasi cha kukaa kwenye ncha ya sindano, lakini bila hayo mtoto harefuki na kuharisha hakumwachi. Nikauliza, zinki si ile wanayopaka mabati? Akasema ndiyo hiyo hiyo. Nikasema basi paa letu lina afya kuliko sisi. Ndipo akacheka, mara moja.

Mtoto kapewa vidonge vya zinki vya wiki mbili na maji ya chumvi na sukari. Mimi nimeambiwa nile mayai, maharage, nyama ikipatikana. "Lakini," akasema, "ukirudi kwenye maji yale yale, utakuwa unajaza gunia lililotoboka." Akataka kujua kisima kiko wapi na choo kiko wapi. Nikamchorea kwa kidole juu ya meza: choo huku juu, kisima hapa chini, hatua kumi na mbili. Akaufuta mchoro wangu kwa kiganja, kama nimemchafulia.

Ya mtoto ya kunywa nachemsha. Lakini anaoga kwa yale, anatambaa kwenye tope la kisimani, na nikiwa kazini Mama anamnywesha kwa kikombe chake. Nimesema, nimechoka. Mama hasikii ila kwako. Njoo wiki mbili tu uhamishe choo kile, au mwandikie nitamsomea. Muuguzi anasema kimo cha mtu hujengwa kabla ya miaka miwili, baada ya hapo ni kubahatisha. Tuna miezi kumi na moja.

Uzi ndio huu.

Mkeo,
Mama Kifungo


30 Mei

Mama Boriti,

Samahani, nilipofungua bahasha nilianza na uzi ndipo nikasoma. Nimeutundika kando ya ule wa kwanza. Mke wangu, mtoto anayepanda namna hii ana utumbo gani uliosagika? Wauguzi kazi yao kutisha. Asiyeogopa harudi kliniki, na wao wakose wa kumpima.

Kisima kile nimekinywa mpaka nikaoa. Na kumwambia Mama kwamba choo alichochimba marehemu baba kinatia uchafu kisima alichochimba marehemu baba, ni kumfukua mzee mara mbili. Oktoba nina likizo. Nikija tutalitazama hilo kwa macho. Choo kitasubiri.

Nimepata mbao nzuri zilizobaki kwenye kazi, naanza kumchongea Boriti kitanda. Nakata kwa kipimo cha uzi wako, na nafasi kidogo ya miguu.

Baba Boriti


20 Juni

Mwanangu,

Mimi mama yako nasema na mkeo anaandika, kwa kuwa shule yangu ilikuwa jembe. Niko hai. Magoti yamegoma lakini mdomo unafanya kazi.

Nimesikia habari za choo. Baba yako alikichimba kisima kile kwa mikono yake siku tisa, akapata maji matamu, majirani wakaja na ndoo. Leo mtu aliyeletwa hapa kwa posa ananiambia mume wangu alitunywesha mavi? Mwambie ajue kunywa maji kwanza. Huyu anaendesha tangu mimba, anatoka uani kama mtu aliyeitwa polisi, kisha lawama ni za kisima. Mwenyewe hali akashiba. Chakula anakidonoa donoa, anakimbilia cherehani. Ziwa litapata wapi kitu?

Sina ugomvi naye. Ni mchapakazi na ana adabu, hapa namtukana na kalamu haijasimama. Lakini choo hakihami mpaka useme wewe mwenyewe.

Mtoto hajambo, anakusalimu.

Mama yako

(Haya ni maneno ya Mama, nimeyaandika kama alivyoyasema. Mkeo.)


2 Agosti

Mama Boriti,

Barua ya Mama imenichekesha na kunitia aibu kwa pamoja. Vumilia, ndivyo alivyo. Naona hata yeye anasema mtoto hajambo, basi tusivunje nyumba kwa jambo ambalo halijatokea.

Kitanda kinakuja na dereva. Sikutumia msumari hata mmoja, ni ndimi tupu, mbao ndani ya mbao. Mlaze Boriti uniambie.

Baba Boriti


11 Septemba

Baba Kifungo,

Kitanda kimefika. Dereva alikiingiza mwenyewe ndani, akanywa maji, akamtazama mtoto, akaondoka. Ni kizuri. Nimepitisha kiganja kila upande, sikupata hata kibanzi.

Tulilazwa siku nane, mimi na yeye. Kuharisha tena, safari hii na homa. Sasa ametoka, miguu imelegea, ile hatua aliyokuwa ameanza kuipiga ameisahau. Nilikaa pale nikawasikia wamama wakiulizana umri wa watoto. Mimi nikajifanya nimelala.

Oktoba si mbali. Njoo. Sikuombi zawadi, nakuomba sururu.

Uzi huu hapa.

Mkeo


6 Oktoba

Mama Boriti,

Pole kwa kulazwa. Likizo imeshindikana, kazi ni nyingi, wamesema mwakani.

Na uzi usijisumbue tena. Una kazi nyingi. Najua anakua.

Mumeo


9 Januari

Mume wangu,

Karibu miezi minne sijakuandikia. Si kwamba dereva hakupita. Alipita, nikajificha chooni, kile kile.

Ndani ya bahasha kuna uzi. Ukiutundika kando ya zile nyingine utaona ni mfupi kuliko ule wa Septemba. Mtoto hajapungua. Huu ndio wa kweli.

Ule wa kwanza niliuongeza vidole viwili. Nilipomlaza juu ya meza ya kukatia na kunyoosha uzi, mkono wangu ulijua kabla yangu. Mimi napima watoto kutwa, najua wa miezi kumi anafika wapi, na wangu hakufika. Nikasema barua itakaa njiani wiki tatu, mpaka ifike atakuwa amevifikia vidole viwili hivyo. Nikamwachia pindo. Siku ile sikuuona kama uongo. Ndivyo tunavyomfanyia kila mtoto kiwandani, tunakata kubwa tukiamini atakua.

Kisha ukaniandikia habari za Boriti na kambi iliyocheka. Uzi wa pili nikaongeza vitatu. Wa tatu, vinne. Kwenye gauni tunaishia vinne.

Sasa nisikilize. Mwezi wa tano nilikuomba choo kwa kurasa mbili, na uzi ndani ya bahasha hiyo hiyo ukakujibu kwamba hakuna haja. Nilijipinga kwa mkono wangu. Nimelijua hilo tangu uliposema choo kitasubiri, na bado nikakata mwingine.

Na hili ndilo zito zaidi. Mama aliponituma niandike barua ile, mwishoni hakusema mtoto hajambo. Alisema, "Mwambie mwanangu mtoto hakui. Namshika kila siku, uzito ni ule ule wa jana. Mwambie aje amwone." Mama, huyu huyu ninayemlalamikia. Nikaandika "hajambo". Akaniuliza, "Mbona nimesema mengi na mstari umekuwa mfupi?" Nikamjibu kwamba naandika herufi ndogo.

Niliogopa ungeamini ni ziwa langu. Niliogopa ungeamini ni mimi. Na kumbe ni mimi kweli, ila si kwa njia niliyoiogopa.

Kitanda chako, akilala, miguuni inabaki nafasi. Naweka hapo nguo za kushona. Kila nikimfunika naiona nafasi hiyo, upana wake vidole vitatu na zaidi, na najua nani aliikata.

Jambo moja la mwisho, kisha nikae kimya. Siku zote unasema ukoo wenu ni wa watu wafupi. Nimefikiri sana. Wewe mfupi, marehemu kaka zako kwenye picha ile ya sebuleni wafupi. Mama ni mrefu, anainama mlangoni. Mama aliletwa hapa amekwisha kukua, alikua kwa maji ya kwao. Ukoo wenu si mfupi. Ukoo wenu umekunywa kisima kimoja.

Mkeo


4 Februari

Mke wangu,

Nilijua.

Dereva alipokiacha kitanda akarudi akaniambia, "Kisiki, yule mtoto analala mle kama kijiko kwenye sufuria." Nikamwambia macho yake yamechoshwa na njia. Lakini jioni nilizichukua zile nyuzi zako, nikazitazama vizuri. Mimi ni seremala. Mtoto aliyeharisha mara nne hawezi kupanda sawa sawa kama ngazi. Nilijua uzi ule umekatwa na mama yake, haukukatwa na kimo chake.

Likizo haikushindikana. Walinipa. Niliirudisha.

Ningekuja ningeona, na ningeona ningelazimika kusimama mbele ya Mama niseme kisima cha baba kinatuua polepole. Ni rahisi zaidi kuunga milango ya watu. Hata mimi nilikuwa na maneno ya muuguzi mkononi, nilikuwa na hatua kumi na mbili zako, nilikuwa na kaka zangu kwenye picha. Uongo wako ulinifaa. Nilijifunika nao. Ndiyo maana nilikwambia usijisumbue na uzi, nisije nikapata wa kweli.

Sasa ninao wa kweli. Sijautundika. Nimeuvingirisha kwenye kidole, na fundi wa milango ameniuliza kama nimejikata.

Nimeomba ruhusa tena. Wanasema mwezi wa nne, mwisho wake. Nitamwambia Mama mimi mwenyewe. Usimwambie lolote.

Mumeo


10 Aprili

Baba Kifungo,

Barua yako nimeisoma mara mbili tu, ya pili si kwa ajili yangu. Sijairudia tena.

Mtoto ametimiza miaka miwili leo. Asubuhi nilimpeleka akapimwe kwenye ubao wa kliniki, si kwenye meza yangu. Muuguzi alisogeza kile kibao cha miguuni mpaka kikagusa visigino, akasoma, akaandika, na sikumwomba aongeze. Anasema urefu uliopotea hautarudi wote, labda kiasi. Anasema akili yake tuipe mazungumzo na michezo kwa wingi, na tumbo bado linaweza kupona, lake na langu, kama maji yatabadilika. Nikamwambia maji yamebadilika. Akavua miwani.

Maana sikusubiri mwisho wa mwezi wa nne. Usimwambie Mama lolote, uliniandikia. Nilimwambia yote. Nilimweleza yote niliyokuandikia, nikamsomea na barua yako neno kwa neno, herufi kubwa na ndogo. Alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza, "Na ile yangu, uliandika nini?" Nikamwambia: mtoto hajambo. Akainuka akaenda zake kulala saa kumi na mbili jioni, bila kula.

Siku ya pili yake nikaanza kuchimba, kule chini kabisa nyuma ya ua, hatua sitini kutoka kisimani. Mwenzangu wa ovaloki alikuja Jumapili mbili, akanitania kwamba sasa nashona ardhi. Siku nyingine nilichimba peke yangu nikitoka kazini, mpaka giza. Siku ya tano nilikuwa ndani hadi kifuani, udongo haupandi tena kwa koleo. Ndoo ikateremka kwa kamba. Nikatazama juu. Mama, na magoti yake.

"Nilikwambia uandike," akasema.

"Ndiyo, Mama."

"Mstari ulikuwa mfupi. Nilijua ulikuwa mfupi."

"Ndiyo, Mama."

"Jaza ndoo."

Toka siku hiyo tunachimba wawili. Anavuta, mimi najaza. Jana alikifukia choo cha juu kwa mikono yake, tope kwa mawe, na alipomaliza akakaa pale chini kwa muda mrefu akiwa ameegemea jembe. Maji ya kunywa tunachota kwenye bomba la kule kiwandani, na kisima tumekifunika. Anachemsha mwenyewe. Kikombe chake anakichemsha pia.

Sijakusamehe. Na wewe usinisamehe haraka, sitaki. Tukisameheana upesi tutaanza tena kuambiana hajambo.

Ukija, usiite mlangoni "Boriti yuko wapi?" Hakuna mtu wa jina hilo hapa. Kuna Kifungo, anatembea sasa, anaogopa kuku, anapenda kuingiza mkono kwenye kopo langu la vishikizo na kuvimwaga. Ni mfupi. Mpende hivyo hivyo, au baki huko na milango yako.

Uzi uliomo humu usidhani ni wa mtoto. Ni upana wa shimo na kingo zake, na fundo lile katikati ni mahali pa tundu. Kata mbao za kufunikia, nene, na tundu lenye mfuniko unaobana, uje nazo. Kata pale pale uzi unapoishia. Nimepima mara tatu na Mama ameshika ncha. Hakuna pindo.

Mama Kifungo